Kivuli cha Mgeni wa Saba

"Mgeni wa saba ana kivuli."

Sauti ilisema hivyo mara moja tu.

Dira hakugeuka. Alikuwa amesimama kwenye ngazi za Kituo Kikuu, kibendera cha njano mkononi, wageni wake wakipiga picha na saa kubwa ya ukutani. Kisikilizio kilichokuwa ndani ya sikio lake kilikuwa kidogo kuliko punje ya mahindi. Aliinamisha kichwa kama mtu anayetengeneza kola ya shati.

"Rudia, Mkubwa."

"Kadi namba saba. Jana saa nne na dakika kumi iligusa lango la Makumbusho. Dakika mbili baadaye ikagusa lango la Bandarini. Hapo katikati ni mwendo wa nusu saa."

"Wameinakili."

"Wameinakili. Namba moja, kadi mbili, watu wawili. Mmoja tunaye. Wa pili hatumjui. Na leo ndiyo siku yenyewe."

Saa yake ya mkononi, Casio, ilisema saa tano na dakika kumi na nane.

Treni iliyopangwa kulipuliwa ingeondoka saa tano na dakika arobaini.

Treni ile aliijua, na dereva wake alimjua zaidi. Ni mdogo wake, wa tumbo moja. Dira ndiye aliyemfundisha kufunga kamba za viatu. Ndiye aliyemlipia hata hiyo shule ya udereva wa treni, akaambiwa na ndugu wote kwamba amepoteza akili.

"Mkubwa, mshushe dereva. Weka mwingine."

"Tukigusa chochote, huyo wa pili atajua. Ataondoka na kiwashio cha bomu, arudi wiki ijayo, na wiki ijayo hatutakuwa na habari. Treni itaondoka kama kawaida."

"Na nikishindwa kumpata?"

Mkubwa alikohoa.

Kwa jiji zima, Dira alikuwa kiongozi wa watalii, mama wa maneno mengi na viatu visivyo na kisigino. Juzi aliwapokea wageni saba na kumpa kila mmoja pasi ya siku tatu. Gusa ukiingia, gusa ukitoka. Treni, basi, kivuko, panda hadi uchoke. Namba moja hadi namba saba.

Ofisi ilikuwa inajua kwamba mmoja wao hakuja kuangalia minara.

Genge lililomtuma liliishi kwa vivuko. Bunduki zake zilivuka mto zikiwa chini ya magunia, na hakuna aliyezikagua. Kisha likachimbwa handaki, treni zikaanza kupita chini ya mto, vivuko vikakosa abiria, na vile vichache vilivyobaki vikawa rahisi kukaguliwa. Handaki likifa, kila mtu angerudi majini. Vilipuzi vilishawekwa mahali fulani ukutani, kilomita nzima ya saruji. Wataalamu walikuwa wametafuta siku mbili wakaambulia vumbi. Kilichobaki ni kiwashio, kitu kidogo chenye mawimbi mafupi, kisichofanya kazi mpaka kipite hatua chache kutoka kwa vilipuzi hivyo. Mtu angepanda nacho Kituo Kikuu, akiache chini ya kiti, ashuke kituo kinachofuata cha Mnarani, na treni iingie chini ya mto bila yeye.

Treni ya watu mia nne. Na mmoja mbele, nyuma ya kioo, akiwa amevaa kofia ya bluu.

Kadi ndizo zilizomuumbua yule wa kwanza. Wageni wengine wote walipotea. Mmoja alipanda treni ya kurudi akidhani ni ya kwenda. Wanandoa wapya walijikuta kwenye gereji ya mabasi na kupiga picha huko huko. Mama Mwalimu, mwalimu mstaafu wa namba nne, ndiye aliyekuwa bingwa: alipotea mara tisa kwa siku mbili, na kila mara alimpigia Dira simu huku akijicheka mwenyewe.

Namba saba, safari ishirini na sita, hakukosea hata moja.

Mtalii gani huyo?

Walimwita Bwana Darubini, kwa ile darubini ya Nikon aliyoivaa shingoni. Alisema anapenda ndege. Kwa nini mpenda ndege alishinda kwenye treni za chini ya ardhi, hakuna aliyemuuliza. Sasa alikuwa amesimama pembeni, mpole, akifuta lenzi kwa kitambaa.

"Mkubwa," Dira alinong'ona. "Nina njia."

"Sema."

"Pasi za wageni hazina kikomo cha safari, kwa hiyo zimewekewa kufuli. Kadi ikishaingia kituo kimoja, hailifungui tena lango la kituo hicho hadi dakika ishirini zipite. Kila wiki nina wanandoa wanaojaribu kutumia pasi moja. Mmoja anaingia, anampa mwenzake kadi juu ya uzio, lango linawaka jekundu, wanaanza kulaumiana."

"Hao watu hawalijui hilo?"

"Hawalijui. Hao wamezoea kuendeshwa na madereva. Wamefanya mazoezi kila mmoja kivyake, kituo chake. Hawajawahi kuingia pamoja mahali pamoja. Nikimwingiza Darubini sasa, kivuli chake kitakataliwa."

"Mwingize."

Dira aliinua kibendera.

"Haya jamani, twende! Kadi mkononi, siyo mfukoni, siyo kwenye pochi chini ya funguo!"

Wageni walicheka. Walipita mmoja mmoja. Taa ya kijani. Kijani. Kijani. Bwana Darubini aligusa wa mwisho, na wakati kioo kinafunguka alimtazama Dira machoni, akatabasamu.

Tabasamu lile halikumpendeza. Lilikuwa la mtu anayetaka kuonekana.

Saa tano na dakika ishirini na sita.

Aliwaonyesha wageni ngazi ya umeme ya kuteremkia jukwaani, akabaki kwenye malango. Alitoa kasha la poda mkobani na kulifungua. Kioo chake hakikuwa kioo. Mafundi wa ofisi walikuwa wametengeneza humo kiskrini kinachosoma namba ya kila kadi iliyogusa malango sita ya mbele. Namba zilipita kama mvua. Kadi za wafanyakazi, za wanafunzi, za wageni.

Watu walizidi. Mhudumu wa malango, mwanamume mwenye sare iliyombana tumbo, alikuwa akimfokea mtu aliyegusisha kadi ya benki.

"Hiyo peleka benki, ndugu yangu! Hapa ni treni!"

Saa tano na dakika thelathini na moja. Kisikilizio kikalia.

"Dira, hapa Kobe." Kobe alikuwa chini jukwaani, amevaa ovaroli la mfagiaji. "Nimemchukua Darubini, nimemwingiza stoo ya mifagio. Kimya kabisa."

"Kiwashio?"

"Hana."

"Angalia kwenye darubini."

"Nimeifungua yote. Ni darubini tu. Nimempekua hadi soksi. Dira, huyu bwana anatabasamu."

Kumbe ndivyo. Darubini alikuwa chambo. Siku tatu ofisi nzima ilikodolea macho mtu asiyebeba kitu, na aliyebeba kitu alizunguka jiji kwa raha zake.

Saa tano na dakika thelathini na tatu.

Treni iliingia chini. Aliusikia mtetemo nyayoni. Kisha sauti ikapanda kupitia vipaza sauti vya kituo, changamfu, ya mtu anayeipenda kazi yake.

"Abiria, treni ya Mnarani na ng'ambo ya mto imewasili. Shukeni taratibu, hatugombanii hewa."

Mdogo wake na mizaha yake. Mara mbili ameandikiwa barua ya onyo kwa mizaha hiyo, na bado. Dira alitamani aruke malango, ashuke ngazi tatu tatu, amvute kwa sikio hadi nje. Aliogopa, na hakujidanganya kwamba haogopi. Alibaki pale pale, macho kwenye kasha.

Lango la tatu likawaka jekundu.

KADI IMESHAINGIA. SUBIRI.

Aliinua macho haraka, akakuta uso anaoupenda.

"Mama Mwalimu!"

"Mwanangu!" Kikongwe alikuwa anahema, miwani imeteleza puani, mfuko wa kufumia kwapani, sindano mbili zimechungulia nje. "Nilidhani nimewakosa!"

"Si ulisema leo goti limegoma? Si ulisema unabaki hotelini?"

"Goti lina kiburi, lakini mimi nina kiburi zaidi. Nimeona aibu, siku ya mwisho nishinde kitandani kama shuka?" Aliipunga kadi. "Na hiki kidude chenu tena kimekataa. Nifungulie, mwanangu. Kama kawaida yetu."

Kama kawaida yao. Kwa siku mbili zilizopita Dira alimfungulia lango la mizigo kila mara kwa kadi yake ya kiongozi. Alimshika mkono kwenye ngazi. Jana alimtambulisha hata kwa mdogo wake. Mama Mwalimu alipiga picha na dereva, akamuuliza treni ya saa tano na dakika arobaini huwa anaendesha yeye kila siku? Akamwahidi kumfumia sweta, kwa kuwa chini ya mto kuna baridi. Dira aliwatazama wakicheka, akafikiri kwamba mama yao mzazi angekuwa hai, angekuwa hivi hivi.

"Nakuja, mama. Subiri hapo hapo."

Alikuwa ameshaichomoa kadi ya kiongozi. Macho yalishuka kwenye kasha kwa mazoea tu.

07.

Namba nne ndiyo aliyompa. Kwa mkono wake.

Aliisoma tena. Akatafuta njia ya kuikataa. Labda walibadilishana kadi mezani wakinywa chai? Lakini kadi namba saba ilikuwa chini kwenye mfuko wa Darubini, na ile namba nne bila shaka ilikuwa hotelini, ikishuhudia kwamba mwenyewe amelala na goti lake. Mtu aliyepotea mara tisa. Alipotea wapi? Bandarini. Mnarani. Mwisho wa jukwaa, karibu na mdomo wa handaki. Hakupotea hata mara moja.

"Mwanangu, treni inaniacha."

"Haikuachi, mama."

Saa tano na dakika thelathini na sita.

Lango la mizigo lilikuwa na milango miwili ya kioo kizito, mmoja mbele, mmoja nyuma, na nafasi ya sanduku kubwa katikati. Dira aligusa kadi. Mlango wa nje ukafunguka. Mama Mwalimu akaingia akishukuru, akaomba Mungu amzidishie. Mlango ukajifunga nyuma yake.

Dira akaiondoa kadi.

Mlango wa ndani haukufunguka.

Walitazamana kupitia kioo. Hatua moja kati yao.

"Umekwama?" Mama Mwalimu aliuliza.

"Hapana. Mwenzako pia hajakwama. Yuko stoo, amepekuliwa hadi soksi."

Mikunjo ya uso haikubadilika, wala miwani. Ni uchovu tu uliotoka usoni, na goti likanyooka. Mkono wa kulia ukaanza kuingia kwenye mfuko wa kufumia, polepole.

Dira alisogeza vipeperushi vya watalii alivyovishika. Chini yake bastola ya Beretta ilimchungulia kikongwe kifuani.

"Utoe mtupu, mama."

Mkono ulitoka mtupu.

Mhudumu wa malango aligeuka, akaona, akafungua mdomo. Dira alimwonyesha kitambulisho ambacho watu wachache jijini wamewahi kukiona. Mdomo ukafungwa.

Kobe alifika mbio na toroli la taka. Waliufungua mlango wa ndani pamoja. Pingu zikalia. Kobe alilichukua donge la uzi wa sufu, la rangi ya maziwa, akalipasua kwa kisu. Katikati palikuwa na betri, nyaya mbili, na kisaa kilichotegwa saa tano na dakika arobaini na tisa. Alivuta waya mmoja. Kisaa kikazima.

"Kulikuwa na treni kumi na mbili," Dira alisema. "Kwa nini yake?"

Mama Mwalimu aliiweka miwani vizuri kwa mikono iliyofungwa, kama anayetaka kusahihisha daftari.

"Nilihitaji lango ambalo sitaulizwa swali. Nilipojua ni mdogo wako, nikajua utakuwa unazunguka hapa hapa, na utanifungulia." Alimtazama kwa upole uleule wa siku zote. "Wewe ni mtoto mwema. Nilikuwa nimekuhesabu."

Kobe alimvuta kuelekea mlango wa wafanyakazi. Kikongwe hakugeuka nyuma.

Saa tano na dakika arobaini.

"Milango inafungwa," vipaza sauti vilisema. "Aliyebaki nje asikasirike, kuna nyingine."

Mtetemo ulipita nyayoni, ukafifia kuelekea mtoni.

"Dira," Mkubwa aliita sikioni. "Taarifa."

"Wote wawili tunao. Kiwashio tunacho."

"Na wewe?"

"Niko kazini."

Akakitoa kisikilizio, akakitia mfukoni.

Alishuka jukwaani. Wageni watano walikuwa wamekaa kwenye benchi wakiwa wamenuna, treni imewaacha. Aliwatania, akawaahidi viti vya dirishani kwenye treni inayofuata. Aliwahesabu, na hesabu ikamuuma. Mara tano alipiga namba ileile ya simu. Mara tano haikupokelewa.

Saa sita kasorobo. Dakika arobaini na tisa. Hamsini.

Saa tano na dakika hamsini na nane, simu ikaita.

"Dada, una nini leo? Nimefika ng'ambo nakuta umepiga mara tano. Unajua sipokei nikiwa naendesha."

Dira alifumba macho.

"Nilitaka kujua kama umekula."

"Nimekula. Haya, mpe simu Mama Mwalimu, nimwulize habari za sweta langu."

"Ameondoka."

"Ameondoka kwenda wapi? Bila kuaga?"

"Bila kuaga."

"Hee! Na mimi nilishampenda yule bibi."

"Hata mimi," Dira alisema.

Akakata simu, akainua kibendera, akatangulia kuelekea kwenye treni iliyokuwa inaingia.