Gaju Kwenye Dirisha Kubwa

Kila jioni, akishachota maji na kuosha vyombo vya shangazi yake, Uwera alikimbilia chumba cha kompyuta nyuma ya kanisa, pale kwenye kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda. Huko Mwalimu Cassien aliwafundisha watoto kuandika programu kwa lugha ya kompyuta iitwayo Rust. Wenzake walitengeneza michezo. Uwera aliandika programu ya kuchora ng'ombe.

Ng'ombe huyo aliitwa Gaju. Walimwacha kilimani kwao Minembwe, Kongo, siku waliyokimbia, na mama yake hakuchoka kumtaja. Sasa Mama aliuza maziwa Nyamityobora, mjini Mbarara, na kuja kwake nyumbani kulikuwa kwa nadra. Uwera alimkumbuka hata usingizini. Kama hangeweza kumrudisha Mama kilimani kwao, basi angalau amwonyeshe kilima hicho, na Gaju juu yake.

"Mama anakuja kesho, Mwalimu!"

"Vizuri. Umejaribu kupanua dirisha la picha kwenye skrini? Likibadilika, programu lazima iliulize kipimo chake kipya, itandaze upya uso wa kuchorea, kama karatasi mpya, ndipo ichore tena."

"Nimejaribu," akajibu Uwera. Wapi! Katika dirisha dogo Gaju alipendeza, naye akaona yatosha.

Kesho yake Mama aliketi mbele ya kompyuta, kitenge chake bado kinanukia maziwa. "Macho yangu imechoka," alisema. "Mwalimu, haiwezi kuwa kubwa?"

Mwalimu akalipanua dirisha. Lo! Gaju akavutika kama mpira. Pembe zikalala ubavuni, miguu ikawa vijiti vifupi.

"Ni ng'ombe ama ni mjusi?" Divine, rafiki wa Uwera, akaangua kicheko.

Mama hakucheka. Alitazama, akatazama tena. "Pembe za Gaju zilipanda juu," alisema polepole. "Ama mimi nimeanza kumusahau?"

Uwera akamshika Mama mkono. "Hujamsahau, Mama! Kosa ni langu. Nilimwambia Mwalimu nimejaribu, kumbe sikujaribu."

"Basi kaa utengeneze," alisema Mwalimu. "Mama atangoja."

Uwera akafuta vipimo alivyokuwa amevikaza ndani ya programu. Akaandika kwamba kila mara dirisha linapobadilika, liulizwe ukubwa wake, uso utandazwe upya, na Gaju achorwe kwa kipimo hicho. Kompyuta ilimkatalia, akasahihisha, ikamkatalia tena. Mama alimenya karanga akingoja.

Hatimaye dirisha likapanuliwa. Kilima kikaenea, na Gaju akasimama, pembe juu. Mama akaweka kiganja kwenye kioo.

"Ni yeye," alinong'ona. Kisha akamgeukia binti yake. "Mwanangu, tukihamia malisho mapya hatubebi zizi la zamani. Tunapima fasi mpya ya zizi, tunajenga upya, na ng'ombe anabaki ni yuleyule. Lakini mchungaji akisema zizi limefungwa, na kumbe liko wazi, ng'ombe anapotea. Sema kweli mapema, kosa likiwa bado dogo."

"Nimesikia, Mama."

"Haya, sasa lipunguze, kisha ulipanue tena. Nataka kumwona Gaju akikataa kugeuka mjusi."