Nilivyofuta Programu ya Mbao

Mimi ni seremala. Karakana yangu iko mbele ya nyumba yangu. Nikitoka kitandani nikapiga hatua kumi na mbili, nimefika kazini.

Kila jioni, kabla sijanawa mikono, nafagia. Maranda natia kwenye gunia. Misumari iliyopinda natia kwenye kopo. Vipande vya mbao navipanga ukutani kwa urefu wake. Mke wangu husema kama ningezaliwa ufagio ningekuwa na raha zaidi duniani. Sibishani naye. Karakana chafu hukata watu vidole.

Simu yetu ya kioo kikubwa ni moja tu. Niliinunua ili niwaonyeshe wateja picha za makabati na vitanda. Asubuhi inakaa nami karakanani. Alasiri anaishika binti yetu. Jina lake la nyumbani ni Kidole, maana tangu anatambaa hakuona kitu asikiguse. Ana miaka kumi na tisa. Alimaliza shule, alama zake hazikutosha kuendelea, na kwa miaka miwili amekuwa akinisaidia kupiga msasa.

Akiishika ile simu, shingo inainama na vidole gumba viwili vinaanza mbio. Mimi nilijua anapiga soga na wenzake. Nikamwambia mama yake kwamba mtoto huyu simu imemmeza. Mama yake akasema anaandika programu. Nikamuuliza, tangu lini programu ikaandikwa kwenye simu? Si inaandikwa kwenye kompyuta, huko maofisini, na watu wenye miwani? Mke wangu akanijibu kwamba hilo halijui, ila mtoto hajawahi kumdanganya. Mimi ndiye nimewahi.

Na kweli alikuwa akiandika. Chuo cha ufundi kilitangaza nafasi ishirini za kusomea programu. Hawakutaka cheti. Walitaka mtu afike Jumamosi saa tatu asubuhi na programu aliyoiandika mwenyewe, na iwe inafanya kazi. Nafasi kama hiyo haiji kila mwaka. Kidole aliandika programu ya mbao. Unaiambia urefu wa ubao na urefu wa vipande unavyotaka. Inakuambia ubao mmoja utatoa vipande vingapi, na kazi nzima itahitaji mbao ngapi. Alikuwa ameihangaikia miezi mitatu.

Haya yote alinieleza. Siku hiyo nilikuwa napiga randa, nikaitikia "mm". Mwanamume akiitikia "mm" huku ana randa mkononi, ujue hajasikia kitu.

Jumatano jioni nilimaliza kabati la milango mitatu. Nikataka kulipiga picha. Simu ikakataa, ikaniambia imejaa. Nikaona vizuri, leo nafagia na humu pia.

Nikakuta mafaili matano yamejipanga. La kwanza linaitwa mbao. La pili, mbao mpya. La tatu, mbao mpya kweli. La nne, mbao ya mwisho. La tano, mbao ya mwisho kabisa. Nikafungua moja. Ndani kuna mabano, nukta na alama ambazo sijawahi kuziona hata kwenye chupa ya dawa. Nikasema hizi ni takataka, tena zimeanza kuzaana. Nikafuta zote tano. Na kwa kuwa mimi nikifagia nafagia mpaka chini ya meza, nikamwaga na kapu la taka la simu. Kisha nikapiga picha ya kabati. Ilitoka nzuri.

Kesho yake, Alhamisi alasiri, Kidole alishika simu kama kawaida yake. Akabonyeza. Akabonyeza tena. Akaniuliza mafaili ya mbao yako wapi. Nikamwambia kwa fahari kwamba nimemsafishia.

Hakupiga kelele. Aliketi sakafuni, juu ya maranda ambayo nilikuwa sijayafagia.

"Baba," alisema, "ile ndiyo ilikuwa Jumamosi yangu."

Nikanywea. Hapo ndipo maneno yote niliyoyaitikia "mm" yaliponirudia kichwani, moja baada ya jingine. Chuo. Nafasi ishirini. Jumamosi saa tatu. Nampenda mtoto huyu kuliko macho yangu, na nilikuwa nimemfagilia miezi yake mitatu.

Mke wangu aliposikia, alinigeukia. Akasema wahenga wana neno lao, kosa moja haliachi mke, ila yeye ameacha kuhesabu tangu mwaka ule nilipopaka rangi dirisha likiwa limefungwa. Kisha akaniambia nisisimame kama mlingoti, niende kwa Bi Taratibu.

Bi Taratibu ni jirani yetu wa nyumba ya tatu. Anafanya kazi ofisi ya maji. Pampu zinawaka na kuzima zenyewe kwa maagizo anayoyaandika yeye. Jina hilo tulimpa mtaani, kwa sababu hata nyumba ikiungua, neno lake la kwanza litakuwa "taratibu". Nilikwenda mwenyewe. Mficha uchi hazai, kwa hiyo nilimweleza kila kitu, hata habari ya kapu la taka. Aliguna, akavaa viatu, tukaja naye.

Kidole alimwamkia shikamoo kwa sauti ya mafua. Bi Taratibu akaitikia marahaba, akavuta kigoda, akamuuliza swali moja: je, aliwahi kumtumia mtu yeyote ile programu? Kidole akafikiri. Akakumbuka kwamba wiki tatu nyuma alimtumia Bi Taratibu mwenyewe, aitazame, naye kwa kazi nyingi akasahau. Wakatafuta kwenye ujumbe wa zamani. Ilikuwapo. Ilikuwa nusu tu, sehemu ya vipande. Sehemu ya kuhesabu mbao za kazi nzima haikuwamo. Lakini heri nusu shari kuliko shari kamili.

"Fundi, wewe umekosea," Bi Taratibu aliniambia. "Usifute kitu usichokijua bila kumuuliza mwenyewe. Na wewe mwanangu umekosea. Kazi iliyo mahali pamoja tu, hiyo haijahifadhiwa. Kama si baba yako, angekuja mwizi. Kama si mwizi, simu ingetumbukia kwenye ndoo."

Nilifurahi kidogo kusikia kwamba hatia tumegawana.

Akamwonyesha Kidole jinsi ya kufungua ghala la mtandaoni. Ni mahali pa kuweka programu nje ya simu, na mlango wake unafunguliwa kwa neno la siri la mwenyewe. Kila ukimaliza sehemu, unapeleka nakala. Pamoja na nakala unaandika sentensi moja fupi: umebadilisha nini, na kwa nini. Ghala linatunza nakala zote za nyuma, kwa tarehe zake. Ukiharibu leo, unarudi kwenye ya jana. Kwa hiyo hakuna haja ya mbao mpya na mbao mpya kweli. Jina linabaki moja.

Mimi nikauliza swali langu la siku zote. Kweli programu inaandikwa kwenye simu? Kuuliza si ujinga, nilijifariji. Bi Taratibu akasema programu ni maagizo tu, yaliyopangwa kwa mfuatano. Pima ubao. Gawanya kwa urefu wa kipande. Onyesha jibu. Maagizo hayo mtu anaweza kuyaandika hata kwenye karatasi. Simu ina ubongo wa kutosha. Tabu yake ni kioo kidogo na vitufe vidogo, na tabu hiyo ina dawa.

Dawa zenyewe alizitoa moja moja. Alimwekea Kidole kihariri cha programu, yaani daftari maalumu la kuandikia maagizo kwenye simu. Kina safu ya mabano na alama juu ya vitufe, mtu asizitafute mbali. Akazima ile tabia ya simu ya kujisahihishia maneno, kwa sababu simu haijui unachokiandika ila inajifanya inajua. Akakuza maandishi. Akailaza simu upande, mistari ionekane mirefu. Mimi nikachonga kishikilio cha mbao cha kuiegemeza, ili mtoto asipinde shingo tena. Bi Taratibu akaleta na kibodi yake ndogo ya waya, akaichomeka kwenye simu. Kidole akaanza kuandika kwa vidole kumi.

Jambo kubwa kuliko yote lilikuwa hili. Kidole alikuwa na desturi ya kuandika mistari hamsini kisha ndipo aijaribu. Programu ikikwama, hajui kosa liko wapi kati ya hamsini. Bi Taratibu akamwambia aandike mistari mitatu, minne, kisha ajaribu. Ikikubali, apeleke nakala ghalani, aendelee. Taratibu. Mpaka jua linazama Alhamisi ile, nusu ya pili ilikuwa imeanza kusimama.

Ijumaa sikushika randa. Niliketi karibu na binti yangu, kazi yangu ikiwa kumpa vipimo na kuyakagua majibu. Saa nne programu nzima ilikuwa imerudi. Kidole akaingiza ubao wa sentimita mia tatu na sitini, vipande vya sentimita sitini. Jibu likaja: vipande sita.

"Si kweli," nilisema. "Ni vitano."

"Baba, sitini mara sita ni mia tatu na sitini."

"Darasani. Hapa msumeno unakula."

Akanitazama kama nimelewa. Nikainuka, nikachukua ubao wa urefu uleule, nikapima na kukata mbele yake. Kipande cha kwanza sitini. Cha pili sitini. Kila nilipokata, unga wa mbao ulimwagika chini. Nikamwonyesha ule unga. Nikamwambia huo nao ulikuwa ubao, na msumeno wangu unakula milimita tatu kila unapopita. Nilipofika kipande cha sita, nikampa yeye futi apime. Kilipungua sentimita moja na nusu. Kwenye rafu ya kabati, kipande kama hicho kinaanguka na sahani zake.

Kidole alikikodolea macho. Miezi mitatu alikuwa akiandika programu ya mbao hatua kumi na mbili kutoka kwa seremala, na seremala alikuwa akimwitikia "mm".

Hakufuta kila kitu. Alibadilisha mstari mmoja: kila kipande kiongezewe milimita tatu. Akajaribu. Jibu likaja: vipande vitano. Akaandika sentensi yake fupi, akapeleka nakala ghalani. Sentensi yenyewe sikuiona.

Jumamosi tulifika chuoni mapema. Foleni ilikuwa ndefu. Wengi walikuja na kompyuta za kubeba mapajani. Mwanangu alikuwa na simu na kishikilio cha mbao. Mzazi mmoja akanisifia kile kishikilio, nami sifa zikanipanda. Nikaichukua simu nimwonyeshe kazi zangu nyingine. Kabati. Kitanda. Meza ya duara. Wazazi wakakusanyika. Mlango ukafunguliwa, Kidole akaitwa, akanyoosha mkono, nami nikampa simu iliyokwisha chaji.

Niliomba ardhi ipasuke. Kidole alikitazama kioo cheusi, akanitazama mimi, akacheka. Nilidhani amechanganyikiwa. Akanishika mkono tukaingia wote wawili.

Mkaguzi alikuwa mama wa makamo mwenye kalamu sikioni kama mimi. Kidole akamwamkia, akasema simu yake imezima, akaomba atumie yoyote iliyo karibu. Mkaguzi akampa ya kwake. Binti yangu akafungua ghala lake la mtandaoni kwa neno lake la siri. Programu ikatokea, nzima, kana kwamba ilizaliwa kwenye simu ile. Mkaguzi akaingiza vipimo vya kubahatisha, akapiga hesabu kwenye karatasi, akafika kwenye jibu lisilolingana na la programu. Kidole akamweleza habari ya msumeno. Mama yule akaangalia hesabu yake tena, akaifuta.

Kisha akaanza kusoma zile sentensi fupi ghalani, moja baada ya moja, akishuka kwa tarehe. Nimeongeza hesabu ya mbao za kazi nzima. Nimerekebisha ubao ukiwa mfupi kuliko kipande. Alipofika ya Ijumaa, akaisoma kwa sauti.

"Msumeno unakula milimita tatu. Programu yangu ilikosea, Baba akaona."

Akainua macho. "Huyu baba ni nani?"

"Ni huyu hapa," Kidole alisema. "Tunafanya kazi pamoja."

Niliangalia dari. Ilikuwa dari ya mbao, imeungwa vibaya pembeni, na machozi yalinizuia kuikagua vizuri. Mkaguzi akachukua kalamu sikioni, akaandika jina la mwanangu kwenye orodha, akamwambia aje Jumatatu saa mbili kamili.