Ikiita, Iache Iite

“Dada Chaji, hii si simu yangu!”

“Namba yako ngapi?”

“Kumi na saba.”

“Na kwenye simu pameandikwa ngapi?”

“Kumi na saba. Lakini yangu haikuwa na ufa.”

“Kaka, kimbunga kimeng’oa paa la soko zima, wewe unaniuliza ufa? Ingiza namba yako ya siri. Ikifunguka ni yako.”

Ikafunguka. Akaondoka bila hata asante.

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu ya kujitolea pale kituoni. Mimi ni msusi. Upepo ulipobeba saluni yangu, kioo, kiti na kila kitu, nilikuja na mama yangu kulala kwenye sakafu ya darasa kama wenzangu. Kukaa nimekunja mikono siwezi, nikaomba kazi, wakaniweka kwanza kwenye uji, kisha wakanipa meza ya kuchajia simu. Jenereta moja bovu, rundo la nyaya, na foleni inayozunguka hadi vyooni. Anayegawa uji anaombewa dua. Anayechaji simu anatukanwa asubuhi, anatukanwa jioni.

Sheria zilikuwa mbili. Ya kwanza, kila simu inabandikwa kipande cha plasta chenye namba, na mwenyewe anabandikwa namba hiyohiyo mkononi. Mwenye namba ndiye mwenye simu, mjadala umekwisha. Ya pili Mwalimu Mkuu, mama mwenye shule yake na msimamizi wa kituo, aliiandika ubaoni kwa herufi kubwa: SIMU IKIITA, IACHE IITE.

“Dada aliyekutangulia alipokea simu ya mzee mmoja, kwa wema wake tu,” alinieleza. “Akasema, ‘Mwenyewe amelala.’ Kumbe aliyepiga ni mke wa mzee. Binti, ile ndoa nimeisuluhisha mpaka sauti ikanikauka. Sitaki tena.”

Nikacheka. Nilicheka kweli siku ile.

Sasa nikwambie kuhusu Fundi. Fundi alikuwa mchumba wangu, fundi wa nguzo za umeme, mwanaume wa kucheka na kila mtu. Kabla ya kimbunga tulikuwa tumeshapanga harusi. Baada ya kimbunga akasema jambo moja tu, “Umeme ukirudi mji mzima, tunafunga ndoa.” Kwa hiyo mji mzima ulikuwa unausubiri umeme, lakini mimi nilikuwa nausubiri kuliko wote.

Kumpata kwenye simu ilikuwa shida tupu. Mwanzoni tulikuwa shule ya msingi kule bondeni, maji yakaingia, tukahamishiwa sekondari hii ya kilimani. Nikamwandikia:

“Mpenzi, tumehamishwa. Tuko sekondari ya juu sasa. Nimetolewa kwenye uji, niko kwenye kuchaji simu. Ukija uje huku.”

Akajibu: “Sawa mpenzi, jitunze.”

Nikaandika tena: “Mama anauliza, harusi bado ipo au tuwaambie watu imeahirishwa?”

Akajibu: “Sawa mpenzi, jitunze.”

Sasa hilo ni jibu la swali gani? Nilitaka kuirusha simu dirishani, ila dirisha lenyewe lilikuwa limezibwa kwa turubai.

Na mama naye hakunipa nafasi ya kupumua.

“Shangazi yako amepiga tena,” aliniambia mchana mmoja, amekaa juu ya godoro anakunja blanketi. “Anasema kiti kipo kwenye saluni yake, na chumba cha kulala wawili kipo. Lori la misaada linarudi kwao Jumamosi, tutapanda humo. Anataka jibu.”

“Mwambie asubiri.”

“Asubiri nini?”

“Mama, si unajua? Fundi amesema umeme ukirudi.”

“Mwanangu, umeme wa mji huu ulikuwa unakatika hata kabla ya kimbunga.”

“Mama!”

“Nasema tu. Kile kiti kina watu wanakitaka.”

Nikatoka nimefura. Nilijua anasema kweli, na hilo ndilo lililoniuma. Nikimkosa Fundi na kiti cha shangazi nacho kikienda, ningebaki na nini? Kitana na pini za nywele.

Mezani nikamkuta Mama Pacha ananisubiri. Huyu alikuwa wa darasa la jirani, mpole, ana mapacha wa kike ambao jana yake nilikuwa nimewasuka mistari huku wakigombania nani aanze. Katika kituo kizima yeye peke yake alikuwa akinisalimia kabla ya kudai chaji.

“Mdogo wangu, leo usiizime,” alisema akinipa simu. “Natarajia baba yao atapiga. Akipiga nikiwa kwenye foleni ya maji, basi, nitaona baadaye.”

“Usijali, Mama Pacha. Namba saba.”

Nikambandika plasta, akaenda zake na ndoo.

Sijamaliza hata kuchomeka simu tatu, namba saba ikaanza kuita. Nikageuka kuitazama, mazoea tu. Jina: BABA PACHA. Chini ya jina, picha.

Fundi.

Kofia ya kazi kaisukuma nyuma, anacheka na lile pengo la jino. Amevaa shati la michirizi nililomnunulia mimi, kifungo cha juu nimekishona mimi, kwa uzi mweusi kwa sababu mweupe ulikuwa umeniishia. Uzi mweusi ulionekana pale kwenye picha.

Mkono wangu ukaenda kwenye simu. Kidole kikafika kabisa. Nikainua macho, nikauona ubao wa Mwalimu Mkuu. Ikaita, ikaita, mimi nimesimama nimeuma meno, hadi ikakata.

Nikachukua yangu, nikampigia saa ileile. Ikaita hadi mwisho, hakupokea. Kisha meseji:

“Niko juu ya nguzo mpenzi. Mtandao huku hakuna. Nitakutafuta.”

Kwangu mtandao hakuna, kwa namba saba upo!

“Dada Chaji, unatuangalia tu?” mtu wa kwenye foleni akafoka. “Jua linatuchoma!”

“Subiri!”

“Tangu asubuhi tunasubiri!”

“Na mimi nasubiri! Kwani nyinyi peke yenu ndio mnasubiri humu duniani?”

Nikachomeka simu zao moja baada ya nyingine.

Mama Pacha aliporudi na ndoo yake, alifurahi kuona amepigiwa.

“Kumbe kapiga! Basi anakuja. Alisema akipata ruhusa tu anakuja kutuchukua.”

“Mumeo anafanya kazi gani?” nikauliza. Sauti yangu niliisikia kama ya mtu mwingine.

“Fundi wa umeme. Maskini, siku hizi halali. Hata kabla ya kimbunga alikuwa haonekani nyumbani, mara zamu ya usiku, mara nguzo imeanguka. Namwonea huruma.”

“Mna muda gani kwenye ndoa?”

“Tangu kabla ya hawa kuzaliwa. Mbona umebadilika rangi, mdogo wangu? Umekula?”

“Nimekula.”

Ningemwambia palepale. Lakini mapacha walikuwa wamemshika sketi, wanazichezea nywele nilizowasuka, nikarudi kwenye nyaya zangu. Usiku nililala nimeupa ukuta uso.

“Unalia nini?” mama akauliza.

“Nyaya zimeniudhi, mama.”

Akanifunika kwa upande wake wa blanketi.

Kesho yake kabla ya adhuhuri, jenereta lilikuwa limetoka kugoma na foleni imevimba. Nimeinama nafungua fundo la nyaya, nikasikia sauti mbele ya meza.

“Dada, nisaidie haraka. Simu imezima kabisa, na natafuta familia yangu humu ndani. Sijui wako darasa gani.”

Sauti ile ningeijua hata ndani ya kimbunga chenyewe. Nikainuka.

“Familia ipi?” nikauliza.

Fundi akatazama nyuma yake, foleni imemziba.

“Wewe... wewe si uko shule ya msingi? Kwenye uji?”

“Nilikuandikia tumehama. Ukajibu ‘Sawa mpenzi, jitunze.’”

“Sikuiona vizuri hiyo meseji, mpenzi, unajua mtandao...”

“Leta simu.”

“Tusiongee hapa. Twende pembeni nikueleze.”

“Hapa watu wanachaji simu, hawaelezani. Leta.”

Akanipa, maana foleni ilishaanza kumpigia kelele. Nikaibandika namba kumi na tisa. Nikamshika mkono, ule mkono, nikambandika namba kumi na tisa. Nilikuwa nimeutamani mkono ule mpaka nikachoka, na nilipoushika niliibandika plasta haraka nikauachia.

“Familia ipi, Fundi?” nikarudia. “Nimeuliza kwa sababu humu unazo mbili.”

“Punguza sauti, nakuomba.”

“Baba!”

Mapacha hao, mbio, mmoja mguu huu, mmoja mguu ule. Nyuma yao mama yao, uso umejaa furaha, anafuta mikono kwenye kanga.

“Baba Pacha! Umefika bila hata kupiga! Umeshajuana na Dada Chaji? Huyu ndiye ametusaidia humu ndani. Nywele za watoto kasuka yeye.”

Fundi akanitazama. Macho yake yalikuwa yananiomba ninyamaze, na kwa kweli kunyamaza kungekuwa rahisi. Ningemwacha aondoke na wake, mimi nikabaki na foleni. Lakini mwanamke huyu alikuwa amenisalimia kila siku.

“Mama Pacha,” nikasema, “naomba watoto waende kwa Mwalimu Mkuu kidogo.”

Mwalimu Mkuu alikuwa ameshasimama mlangoni kwa zile kelele. Akawashika mikono, akawapeleka kuangalia chaki za rangi.

“Kuna nini?” Mama Pacha akauliza.

“Mimi ni mchumba wa huyu. Tumepanga harusi. Nilikuwa sijui kama ana mke, nimejua jana, simu yako ilipoita na picha yake ikatokea. Nisamehe, ilitakiwa nikwambie jana ileile.”

Foleni nzima ikajisogeza mbele kusikia. Hata jenereta nadhani lilipunguza mngurumo.

“Anadanganya,” Fundi akasema. “Huyu dada ni... ni mteja wetu, tulimrekebishia umeme saluni...”

“Hilo shati ulilovaa,” nikamkata, “kifungo cha juu kina uzi wa rangi gani?”

Fundi akapeleka mkono shingoni kukificha. Mama Pacha hakuhangaika kutazama kifungo. Aliutazama ule mkono.

“Nilikuuliza nani kakushonea,” alisema polepole. “Ukasema umejishonea mwenyewe kazini. Nikakusifu. Nikakusifu mbele ya mama yangu.”

“Mke wangu, nisikilize...”

Hakumsikiliza. Alimshika mkono kama anataka kumwongoza mahali, akaibandua plasta kwa mvuto mmoja, pamoja na vinywele. Fundi akapiga kelele. Mama Pacha akaibandika kwenye mkono wake mwenyewe, kando ya saba.

“Dada Chaji. Namba kumi na tisa ikijaa, nitakuja kuichukua mimi.”

“Hapana!” Fundi akaruka. “Mpenzi, hiyo ni simu yangu! Huwezi kumpa mtu simu yangu!”

Wote wawili tulimtazama tujue anamwita nani mpenzi.

“Mwenye namba ndiye mwenye simu,” nikasema. “Sheria sikuitunga mimi.”

“Mwalimu!” Fundi akamgeukia Mwalimu Mkuu, aliyekuwa ameshawaacha watoto na chaki na kurudi mlangoni. “Mwambie huyu binti!”

“Sheria ni hiyo,” Mwalimu Mkuu akajibu. “Na wewe baba, umeziba foleni.”

Akaondolewa kwenye foleni na watu waliokuwa na hasira zao za siku nyingi. Simu yake ilipowaka ikaanza kumwaga meseji, moja juu ya nyingine, baadhi ni zangu mwenyewe. Sikuzisoma. Ikaita mara mbili, nikaiacha iite. Ilipojaa, Mama Pacha alikuja na plasta yake, akaipokea, akanishika bega kidogo, akaenda zake. Sijui walichoongea baadaye. Ninachojua ni kwamba Fundi aliondoka peke yake.

Jioni nilimkuta mama anakunja vitu vyetu kwenye mfuko bila kuambiwa na mtu. Kituo kile hakina siri.

“Mpigie shangazi,” nikamwambia. “Mwambie tunakuja, na kiti asimpe mtu.”

“Nilishampigia mchana,” akasema mama.

Nikacheka, machozi yakatoka pamoja na kicheko.

Jumamosi tumeshapanda lori, namba ngeni ikaniandikia. Meseji ndefu, imejaa simu nzima. Ni yeye, ameazima simu ya mwenzake, mtandao sasa upo, anaweza kueleza yote, je, bado nampenda, je, naweza kumsubiri, je, niko wapi aje.

Sikuifikisha nusu. Nikamjibu:

“Sawa mpenzi, jitunze.”