Jibu Namba Tatu

Siku waliyokutana, mvua ilikuwa imewasukuma watu wote ndani ya jengo la mafundi wa simu na kompyuta, hata wale wasio na kilichoharibika. Nguo zilizolowa zilinuka, redio tatu ziligombana, na kila fundi alipaza sauti kumshinda jirani yake. Mbele ya meza moja alisimama mwanamke mwenye gauni la kijani lililolowa mpaka magotini, hedifoni kubwa zimemkaa shingoni, akikataa kukubali alichoambiwa.

“Dada yangu, diski imejaa. Nunua kubwa.”

“Hii ndiyo kubwa. Nilinunua kwako mwaka jana.”

“Basi nunua kubwa kuliko hiyo.”

“Asinunue kitu,” sauti ikasema nyuma yake.

Akageuka. Alikuwa mwanamume mwembamba, miwani imejaa ukungu, viatu vinalia kila akihama mguu. Shati lake la mistari alikuwa amekosea vifungo, upande mmoja umeshuka kuliko mwenzake.

“Samahani kuingilia. Mafaili yako ni ya nini?”

“Sauti. Mimi ni mhariri wa sauti, studio. Na wewe ndiye wakili wangu?”

“Naandika programu ya kubana mafaili. Faili linaingia kubwa, linakunjwa, linakaa padogo. Ukilihitaji unalikunjua.”

“Kama nguo kwenye sanduku la safari.”

“Hivyo hivyo.”

“Na zikitoka zina mikunjo.”

“Zangu hazitoki na mikunjo.”

Mwanamke alilitazama lile shati, kuanzia kola mpaka chini. “Naona,” alisema.

Fundi alicheka mpaka bisibisi ikamponyoka. Mwanamume akajitazama, akaona vifungo, naye akacheka, na kabla mvua haijakatika alikuwa amemwekea programu yake kwenye kompyuta na kumwandikia namba yake ya simu juu ya risiti ya waya.

Tangu hapo simu hazikupoa. Mwanamume alimwita Masikio kwa sababu ya zile hedifoni; mwanamke akamwita Mbanaji.

“Masikio, umekula?”

“Nimekula. Wewe?”

“Njaa yangu nimeibana. Njoo uikunjue.”

“Acha wazimu, baba ananisikia.”

Baba alisikia kweli, maana kusikia ndiko alikobakiwa nako. Macho yalikuwa yamempofuka miaka sita iliyopita, na mkewe alifariki mwaka jana. Katika miezi ya mwisho ya ugonjwa, binti alikuwa akimrekodi mama yake karibu kila siku. Kila siku ilikuwa na folda yake yenye tarehe, na ndani ya kila folda faili moja tu, nalo kila mara aliliita jina lilelile: Mama. Folda sitini na tatu. Kila saa kumi alasiri mzee alikaa kwenye kiti chake karibu na dirisha akachagua.

“Leo niwekee ule ugomvi wa pazia.”

Sauti ya marehemu ingejaa sebule, ikimfokea mzee kwa kununua pazia la rangi ya tope na kuapa kwamba muuzaji alimwambia ni dhahabu. Mzee angecheka, angejitetea palepale kana kwamba bado anaweza kushinda. Mbanaji alihudhuria alasiri nyingi za namna hiyo, amekaa kimya kwenye kochi, akimpenda yule binti zaidi kila pazia lilipogombewa.

Jumapili moja alikuja na karatasi. Toleo la tano la programu lilikuwa njiani, na Bosi wake ofisini alitaka majibu yaandaliwe mapema kwa ajili ya ukurasa wa maoni, ili malalamiko yakija mtu abonyeze namba tu. Lugha yake ilikuwa kavu kama bati. Masikio alimnyang'anya kalamu.

“Hili la watakaopoteza mafaili limekaa kama hati ya kufukuzwa kazi. Lainisha.” Akaandika huku anasoma kwa sauti ya mtangazaji: “Mpendwa mtumiaji, tunasikitika kusikia hivyo. Hata hivyo, kutunza nakala ya ziada ni jukumu la mtumiaji. Karibu tena.”

“Karibu tena!” Mbanaji alicheka mpaka akakohoa. “Mtu amepoteza mali zake unamwambia karibu tena?”

“Ndiyo adabu. Unamtoa mtu nje lakini unamfungulia mlango.”

Likawa jibu namba tatu.

Toleo la tano lilitoka siku ya Jumanne. Watumiaji walikuwa wamelalamika muda mrefu kwamba wakishabana, mafaili ya mwanzo yanabaki palepale na nafasi ya diski haiongezeki. Basi toleo hili liliyafuta lenyewe likimaliza. Tena kasi yake ilikuwa mara mbili. Mbanaji alipiga simu asubuhi, sauti imejaa raha.

“Masikio wangu, limetoka. Nataka uwe wa kwanza.”

“Wa kwanza kwako au kwa programu?”

“Kote. Bana kila kitu, uone diski inavyopumua.”

Alibana kila kitu, na zile folda sitini na tatu zikiwemo. Nakala ya pili hakuwa nayo. Alikuwa amepanga kutengeneza, kama sisi sote tunavyopanga. Diski ilipumua kweli, na kutwa nzima studio akairundikia rekodi za tangazo la sabuni, mara ya kumi na mbili, mara ya ishirini, kwa sababu mwimbaji hakuweza kusema “povu” bila kupiga chafya.

Saa kumi nyumbani, mzee akasema, “Pazia.”

Binti alifungua kifurushi, lile faili lililobanwa lenye folda zote za mama. Ndani kulikuwa na faili moja.

Alikifunga, akakifungua tena. Faili moja, jina lake Mama, tarehe ya siku ya mwisho. Programu, katika mbio zake mpya, ilikuwa imeacha kuangalia folda, ikawa inaangalia majina tu. Kila Mama aliyekuja alikaa juu ya Mama aliyetangulia, na mafaili ya mwanzo yakafutwa kama ilivyoahidiwa. Kwenye majaribio ya Mbanaji hilo halikuwahi kutokea. Yeye ni mtu wa mpango, kila faili lake la majaribio lilikuwa na jina tofauti.

“Vipi, mwanangu?”

“Kompyuta imezima, baba. Itabidi niipeleke kwa fundi.”

Alitoka kwenda ua wa nyuma akampigia Mbanaji simu. Imefungwa. Alipiga mara saba. Bosi alikuwa ameagiza simu zote zifungwe siku ile ili watu wahudumie maoni. Mlango pekee uliokuwa wazi ulikuwa ule ukurasa. Kwa haraka hakujaza hata jina. Ukurasa ukampa namba, mtumiaji mia tatu kumi na nane. Aliandika: Mafaili yangu yote yamepotea, limebaki moja. Naomba msaada sana.

Jibu lilikuja baada ya dakika mbili. Mpendwa mtumiaji, tunasikitika kusikia hivyo.

Alilisoma mpaka mwisho, mpaka kwenye karibu tena. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Na huu alikuwa ameunoa mwenyewe, tena kwa kicheko. Alikaa chini kwenye ngazi za ua akalia kwa kujiziba mdomo, baba asisikie.

Kesho yake Mbanaji aliingia studio na keki ndogo ndani ya boksi.

“Watu elfu tatu wamelichukua, Masikio! Nyota tano, nyota tano. Mbona hupokei simu? Umenuna?”

Alimpa simu yake. “Nisomee hii. Kwa sauti.”

“Mpendwa mtumiaji, tunasikitika... Hii si namba tatu yako?”

“Malizia.”

“...Karibu tena.” Alicheka kidogo, kisha akamwona uso, kicheko kikamkauka. “Nani kakutumia?”

“Wewe. Jana, saa kumi na nusu. Mia tatu kumi na nane ni mimi. Faili lililobaki ni la mama, na mengine sitini na mawili yaliyopotea ni ya mama.”

Boksi la keki lilimwelemea mikononi. “Ungenipigia.”

“Mara saba.”

“Sikujua ni wewe.”

“Hilo ndilo linaloniuma. Nisingekuwa mimi, ungekuwa umelala vizuri.”

Mbanaji aliweka boksi mezani. Aliomba diski, akaondoka. Ofisini alimwambia Bosi toleo liondolewe.

“Watu elfu tatu wamefurahi, mmoja amelia,” Bosi alisema.

“Wengine hawajafungua vifurushi vyao bado.”

Hawakumwamini mpaka alipokuja wa pili, mwalimu aliyepoteza mitihani ya madarasa tisa, na wa tatu. Toleo likaondolewa. Bosi alimwacha Mbanaji arekebishe kosa, kisha akamtoa kwenye kuandika programu na kumweka peke yake kwenye ukurasa wa maoni. “Kwa kuwa unawapenda sana watumiaji,” alimwambia.

Wiki tatu alichimba diski ile. Kila alipodhani amepata sauti ya mama, ilikuwa sabuni. Povu, povu, chafya. Matangazo ya siku ile yalikuwa yamekaa palepale zilipofutwa rekodi, na yaliyomwagika hayazoleki. Aliirudisha diski alasiri moja, saa kumi, mikono mitupu.

Mzee alikuwa kitini. Alivisikia viatu kabla ya salamu.

“Shikamoo, baba.”

“Marahaba. Wewe ndiye fundi mwenye kompyuta yetu? Wiki tatu nadanganywa humu ndani. Sema wewe.”

Binti alifungua mdomo. Mbanaji akamwahi.

“Nimezipoteza, baba. Programu ni yangu na kosa ni langu. Binti yako hakukosea kitu. Nimetafuta kote, hazipo.”

Mzee aliipapasa mikono ya kiti chake. Nje mtu alikuwa anafagia, na ufagio ulisikika mpaka mwisho wa uzio.

“Zote?”

“Imebaki moja,” binti alisema polepole. “Ya siku ile ya mwisho. Sikuwahi kukwambia kwamba ipo.”

“Iweke.”

“Baba, bora tu—”

“Iweke, mwanangu.”

Kwanza kulisikika pumzi, nzito, ikikwaruza. Kitanda kikalia. Kisha ile sauti iliyogombea pazia, sasa nyembamba, inatafuta nafasi kati ya pumzi mbili: Zima hiyo, mwanangu. Sitaki baba yako anisikie hivi. Akiuliza, mwambie nimelala.

Ikaisha. Sekunde kumi na nane.

“Niliuliza,” mzee alisema.

“Ndiyo, baba.”

“Ukaniambia amelala.”

“Ndiyo, baba.”

“Nikarudi kukaa kwenye kiti hiki.” Aliposema tena, hakuwa na hasira, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. “Kijana wangu, umepoteza sitini na mbili, ukaniachia hii. Laiti ungefanya kinyume chake.”

Aliinuka, akashika ukuta, akaenda chumbani kwake.

Mlangoni mvua ilikuwa imeanza. Masikio alikuwa amevaa gauni lile la kijani, lakini hedifoni hazikuwepo shingoni, na bila hizo alionekana mdogo.

“Niambie unanichukia,” Mbanaji alisema.

“Ningekuchukia ingekuwa nafuu. Nakupenda, ndiyo shida yenyewe. Nikikusikia unaongea, nasikia mpendwa mtumiaji. Na nikijisikia mimi mwenyewe, namsikia yule aliyemwambia baba yake amelala.”

“Ulikuwa unamtii mama.”

“Najua. Nenda, Mbanaji. Usinipigie. Nikiweza, nitaandika.”

“Wapi?”

“Unafanya kazi wapi siku hizi?”

Alienda. Viatu vyake vilisikika mpaka kwenye kona ya barabara, na chumbani mzee, aliyekuwa macho, alivisikia pia.

Miezi mitano Mbanaji alikaa mbele ya ukurasa wa maoni. Majibu yote yaliyoandaliwa aliyafuta siku ya kwanza. Kila ujumbe aliusoma mwenyewe na kuujibu mwenyewe, hata wa matusi, na kabla ya kujibu aliuliza: faili hilo lilikuwa na nini? Watu walimweleza. Mahesabu ya duka, picha za mtoto, barua za mchumba aliyeolewa kwingine. Bosi alisema anapoteza muda, lakini hakuna mwingine aliyeitaka kazi ile, basi akaachwa. Kila asubuhi alitafuta namba ileile, mia tatu kumi na nane, hakuiona, akaanza kazi.

Siku moja ya wingu, saa tisa na dakika kumi alasiri, ikatokea. Mtumiaji mia tatu kumi na nane.

“Nimejaribu toleo la sita kwa mafaili mawili yenye jina moja,” aliandika. “Yote mawili yametoka salama. Ni ya baba. Nimeanza kumrekodi anasimulia vile visa vya mama. Ugomvi wa pazia anausimulia vibaya, anajipa ushindi, na akifika kwenye rangi ya dhahabu anashindwa kuendelea. Ile ya mwisho huisikiliza akiwa peke yake. Sijapona, na sitaki kukudanganya kwamba nimepona. Lakini jana aliniuliza mbona siku hizi havisikii vile viatu vinavyolia, nikakosa jibu. Ninyi huwa mna majibu.”

Mbanaji alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa. Aliandika: Mpendwa mtumiaji. Akayatazama maneno hayo mawili, akayafuta. Aliandika tena, akafuta tena. Kisha akatazama saa ya ukutani, akajikagua vifungo kimoja kimoja kuanzia kola, akainuka.

“Unakwenda wapi?” Bosi aliuliza. “Kuna mtu hapo anasubiri jibu.”

“Ndiyo,” alisema, akashuka ngazi.

Jioni ile, kwa mara ya kwanza tangu apewe kazi hiyo, ukurasa wa maoni ulifungwa ukiwa na ujumbe mmoja ambao haujajibiwa.