Shikamoo ya Bondeni

Jua lilikuwa limebaki kipande tu pale Gehandu, na ng'ombe wa Hermani alikuwa hajarudi.

Usidhani ni ng'ombe mmoja kati ya wengi. Ukame ulishawafagia wenzake, akabaki huyu mwekundu mwenye baka usoni, mimba yake imeshuka kabisa, siku yoyote anazaa. Nyumba nzima ilikuwa inasubiri maziwa yake. Mjukuu, Irene, mama yake alikuwa kazini Arusha, na uji mtupu alikuwa anautema.

"Usirudi bila huyo ng'ombe," Perpetua alimwambia mumewe, mtoto akimlilia begani. "Na usisimame njiani kuhadithia watu treni."

Hilo lilimchoma. Hermani alikuwa mtu pekee wa eneo lile aliyefika Norwei, na hakuna aliyetaka kumsikiliza!

Karibu na korongo alikutana na jirani yake Gidahosh, anarudisha mifugo.

"Umemwona mwekundu wangu?"

"Kasimama kule chini. Nimempiga fimbo, kagoma. Kategesha masikio kama anasikiliza kitu." Gidahosh akacheka. "Labda anasubiri treni yako. Au yule mchumba wako mwenye mkia."

"Cheka tu. Wewe hata Babati umefika mara ngapi?"

"Nimefika, na sikurudi na mchumba."

Hermani akatema mate, akashuka peke yake.

Sasa, hiyo habari ya mkia ilikuwa hivi. Kuna wazee wawili wa Kinorwei waliofanya kazi Mbulu zamani, Hermani akiwa mpishi wao. Uzeeni wakamkumbuka, wakamwalika, wakampandisha meli kubwa kuliko mnada wa Katesh, inapita kwenye maji membamba, milima imesimama kulia na kushoto kama kuta. Lakini Hermani alinuna safari nzima. Chakula hakina ugali. Jua linakataa kuzama. Na kibaya zaidi, vijana wa kule wanampita mtu mzima bila hata kumsalimia, kama wanapita nguzo!

Siku moja meli ikatia nanga, wakapanda treni ya kupandisha mlimani. Katikati ya safari treni ikapiga honi, ikasimama kwenye maporomoko ya maji. Muziki ukatoka kusikojulikana, na juu ya mwamba akatokea mwanamke wa gauni jekundu, anacheza. Watu wakapiga picha.

"Ni maigizo ya watalii," mmoja wa wale wazee alimwambia. "Ni wanafunzi wanaolipwa kumwigiza jini wa milimani."

Kurudi walishuka kwa miguu, wakifuata bonde. Viatu vya kuazima vilimbana vidole, Hermani akabaki nyuma peke yake, anasonya. Ndipo akamkuta yule mwanamke wa gauni jekundu amekaa kando ya njia, gauni linachuruzika maji. Na chini ya gauni, mkia. Wa ng'ombe kabisa, na manyoya yake mwishoni.

"Shikamoo, mzee," akasema. Kwa Kiswahili!

Mtu mwingine angekimbia. Hermani, kwa kiu ile ya heshima, moyo uliyeyuka.

"Marahaba, mwanangu! Marahaba!"

"Kwenu ni mbali?"

"Mbali, lakini ndiko kwenyewe. Kwetu ng'ombe hawahesabiki. Njoo, utachagua mwenyewe."

Akachuma majani mabichi akampa, kama tunavyofanya huku neno likishakubaliwa. Binti akayapokea kwa mikono miwili, akatabasamu.

Alipomuuliza mwenyeji wake ni wapi yule msichana kajifunza Kiswahili, mzee alimshangaa. Wale wa maigizo hawashuki huku bondeni, akasema.

Hermani aliirudisha hadithi hiyo Gehandu kama zawadi. Wakamcheka hadi akachoka.

Korongoni giza lilikuwa linaingia. Ng'ombe alikuwa amesimama kwenye mchanga mkavu, masikio mbele.

"Mpumbavu wewe! Twende!"

Hakusogea.

Halafu ile harufu... Maji baridi. Ukungu na mawe yaliyoota kijani. Korongo ambalo halijaona tone tangu masika!

Ikafuata honi. Ndefu. Nyembamba.

*Lori la ngano linatoka Basotu,* Hermani akajiambia. Lakini upande ule hakuna barabara. Na nchi nzima ile, tangu iumbwe, haijawahi kulazwa reli.

Mchanga ukaanza kutetemeka chini ya kandambili zake... ukatulia.

Kitu kilikuwa kimesimama.

Upande wa pili wa ng'ombe, mkono mweupe ukapita taratibu juu ya tumbo lenye mimba. Gauni jekundu. Nyuma mikia miwili ikapunga pamoja, huku na huku, kwa mwendo mmoja.

"Shikamoo, mzee."

Hermani akafungua mdomo. Tangu apate mvi hakuwahi kuiacha shikamoo ikaanguka chini. Neno lilishafika kwenye ulimi. Neno hilo ndilo lililomwalika kule Norwei. Akaliuma hapo hapo, mpaka akasikia chumvi ya damu.

"Shikamoo," binti akarudia, kwa upole wa mtoto aliyelelewa vizuri.

Binti akampapasa ng'ombe mgongo.

"Huyu mmoja tu? Ulisema hawahesabiki."

Hermani akamkamata ng'ombe sikio, akamvuta. Safari hii alikuja.

Nyuma yake sauti ikanong'ona, bila hasira yoyote:

"Basi nitaangalia nyumbani."

Alipanda lile korongo kama kijana. Hakugeuka. Hakuitika. Alipofika juu na kuona hakuna kinachomfuata, kifua kikamjaa. Amemshinda! Nani mwingine Hanang nzima angefunga mdomo vile? Kesho Gidahosh atasikiliza, atake asitake. Akawa anapanga maneno njiani, wapi ataanza, wapi ataongeza kidogo.

Njia ile yote, kitu kimoja hakikumjia. Kule bondeni Norwei alimwambia binti utachagua mwenyewe. Hakusema achague nini.

Kikamjia langoni, ng'ombe alipokita miguu akakataa kuingia uani.

Taa ilikuwa inawaka ndani. Mtoto alikuwa amenyamaza. Uani palinuka maji baridi, na kutoka langoni hadi mlangoni mavumbi yalikuwa na nyayo zilizolowa. Kati ya nyayo, mstari mwembamba, kama wa kitu kilichoburutwa.

"Perpetua!" alitaka kuita. Ulimi uliovimba haukumtii.

Kutoka ndani akaisikia sauti ya mkewe, mwanamke mwenye adabu zake, asiyeamini hadithi za treni.

"Marahaba, mwanangu. Karibu, pita ndani. Mzee katoka... nipo na mjukuu tu."