Mjukuu Anayesubiri Dirishani

"Eti mtoto wa miaka saba anasema maisha ni mapito! Tombo, watoto wenu huko pwani ndivyo wanavyoongea?"

Nilikuwa nimelaza kichwa mapajani kwake kando ya ziwa la Anosy, maua ya jakaranda yakitudondokea taratibu, nikajiona kama naota. Katika riwaya aliyonipa, ambayo nilikuwa nikimsomea, bibi anasimulia utoto wake, kisha mama, kisha mjukuu. Ina kasoro tele, lakini ilikuwa imenilevya.

"Kama mbaya itupe," Tombo akanuna.

"Thubutu! Hawa watoto nawapenda kama wadogo zangu. Ila sikia hapa: ukoo unafungua kaburi kuwabadilishia wazee sanda, mwezi Januari! Mvua inawanyeshea!"

"Kwani vibaya?"

Nikaketi. Hapa Antananarivo hata mlevi anajua wazee hutolewa kaburini miezi ya ukavu, si Januari ya mvua. Aliyeandika vile ni mtu wa pwani, hajawahi kualikwa kwenye shughuli hiyo. Na jina pale juu ya kitabu halijulikani na mtu.

"Tombo, hiki kitabu umeandika wewe."

Akainamisha kichwa. "Niliona aibu, Haingo."

"Kumbe! Mjukuu anabaki dirishani, mchumba haji. Ndiye mimi huyo?"

"Baba yako alisema hamtoi binti yake kwa mtu wa pwani. Ningekuja kwa uso gani?"

"Basi kasoro kubwa ya kitabu chako ni woga!" Machozi yakanitoka. "Nakupenda, mwoga wewe. Lakini sitazeekea dirishani."

Nikaondoka. Kitabu nikakibwaga mezani nyumbani, na simu zake sikupokea. Aliniandikia, "Nisamehe, mpenzi." Nikasoma, nikalia, nikaiweka simu kando.

Jumapili nikamkuta baba sebuleni na kitabu kile, macho mekundu.

"Nani kaandika upuuzi huu?"

"Tombo, baba."

"Yule wa pwani? Kawalowesha wazee wa watu!" Akacheka peke yake, kisha akafuta macho. "Lakini yule mtoto anayelala na shuka la bibi yake aliyekufa, nilikuwa mimi kabisa. Mpigie simu, unipe niongee naye."

Tombo akapokea hapo hapo. "Haingo?"

"Ni baba yake."

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nimekusoma mpaka mwisho, kijana." Nikasogea karibu na simu. "Sasa nisikilize vizuri. Binti haombwi kwa kitabu. Njoo na wazee wako."