Mafuta ya Kazija Kwenye Kofia ya Jaribu

Mize aliichukua kofia ya mumewe aende kuifua... akaganda.

Akaisogeza puani. Akanusa tena.

"La haula..."

Kilua! Kilua na mrehani!

Najua wewe unayesoma hapo ushaanza kubetua midomo. Ua tu hilo, Mize naye kwa makelele! Ngoja kwanza.

Huyu Mize ndiye aliyekuwa fundi wa nywele Kengeja nzima, miaka ile ya hamsini ikiyeyukia sitini. Nywele zako zimejisokota mpaka chanuo linavunjika meno? Unapelekwa kwa Mize. Anakuosha kwa majani ya mkunazi, kayatwanga mpaka yakatoa povu. Kisha anakupaka mafuta yake mwenyewe. Tui la nazi lilichemka polepole hadi mafuta yakapanda juu, akatia na maua.

Na kila kichwa kilikuwa na ua lake. Hiyo ndiyo sheria ya Mize. Hupewi harufu ya mwenzio hata ulie machozi.

Kilua na mrehani ilikuwa ya kichwa kimoja tu.

Kazija!

Shoga yake! Jirani wa ua kwa ua! Mwanamke aliyeachika, mcheshi, mwendo wa pole, na siku hizi... nywele hizo!

Mwaka uliopita homa ilimwacha Kazija kama kuku aliyenyonyolewa. Nani aliyemkalisha mkekani jioni kwa jioni, akimkanda kichwa kwa mafuta ya vuguvugu? Mize! Leo nywele zimerudi, nene, nyeusi tii. Akisuka twende kilioni, mistari imenyooka kama matuta ya muhogo.

"Nimezilea kwa mikono yangu," Mize akasema peke yake, "leo zaja kulalia kifua cha mume wangu!"

Na hapo ndipo akakumbuka jengine.

Hii kofia mpya, kubwa, inayoshuka mpaka masikioni. Jaribu alikuwa halali bila kuivaa! Ati kichwa chapata baridi.

Baridi! Kengeja! Jua la kukausha dagaa!

Jaribu aliporudi shamba, kichwa kakizungushia kilemba, hakupewa hata maji.

"Kofia hii jana uliivaa wapi?"

"Kichwani."

"Usinichezee, bwana weye! Ulipita kwa nani?"

"Nilipita njiani, Mize. Kuna nini?"

"Mbona yanukia?"

Jaribu akameza mate. Wadau, mwanamume akimeza mate kabla ya kujibu, jueni pana jambo.

"Labda... labda nimepita chini ya mti wa maua."

"Mti huo wasuka twende kilioni?"

Jaribu akainyakua kofia, akatoka nayo nje haraka. Mize akabaki na jibu lake.

Jaribu anaoa mke wa pili! Na mke mwenyewe kamnawirisha yeye!

Akafungua kasha, akatoa kanga zake, akazifunga bunda. Kaka zake walikuwa Gando, nyumba ipo. Lakini kabla hajakanyaga njia ya Gando, alitaka Kengeja isikie sauti ya Kazija. Si ile ya ucheshi. Ile ya kilio.

Unajua ibilisi huwa hachelewi. Alhamisi asubuhi, hodi.

"Shoga yangu, mafuta yamekwisha."

Kazija huyo, na chupa mkononi.

"Yamekwisha?" Mize akatabasamu kwa meno tu. "Mbona juzi juzi nimekujazia?"

"Nywele zanywa, shoga." Kazija akatazama chini. "Si unajua nywele za kujikunja, hazishibi."

"Hazishibi! Kweli. Zingine hazishibi hata cha watu."

"Ati nini?"

"Nasema rudi baada ya adhuhuri. Nitakupikia ya leo leo."

Mize akabandika tui. Akatia kilua, akatia mrehani. Halafu akaingia jikoni, akachukua pilipili kavu, zile ndogo zinazomtoa mtu kamasi kwa kutajwa tu, akazitwanga unga. Akapiga chafya, akatwanga. Akatokwa machozi, akatwanga!

Wazee walisema pilipili usiyoila yakuwashiani. Mize alisema hii ataila Kazija, tena kwa kichwa.

Alipomkabidhi chupa akamwambia kwa upole:

"Usipake leo. Paka kesho Ijumaa, wakati wa sala. Ndipo yanapokubali."

Uongo mtupu! Alitaka wanaume wote wawe msikitini, Kazija akilia asiwe na wa kumlilia.

Ijumaa ikafika. Jaribu akaingia chooni kuoga, akakawia humo kama bwana harusi. Akatoka na kanzu safi, kofia mpaka masikioni, akaenda zake msikitini.

Mize akakaa uani, anakamua tui la wali, sikio kwa jirani.

Kimya.

Akakamua tena. Kimya! Akamsikia Kazija anaimba.

"Huyu ana kichwa cha jiwe?"

Ghafla...

"Maji! Jamani, maji!"

Sauti haikutoka kwa jirani. Ilitoka njia ya msikitini!

Mwanamume alikuja mbio, kanzu kaishika magotini, machozi yanamtiririka. Alivumilia mpaka imamu akatoa salamu, hilo tumpe haki yake. Ila dua hakuingoja. Nyuma yake kundi la waumini, na mbele kabisa Mzee Kificho, mwenye upara unaojulikana mpaka Kisiwa Panza.

Ni Jaribu! Akaitupa kofia kule, akachovya kichwa kwenye mtungi wa maji.

Mize akaona.

Katikati ya kichwa cha mumewe palikuwa peupe. Uwanja! Uwanja uliofagiwa, tena mwekundu kama tunda la mkungu.

"Jaribu! Nywele zako ziko wapi?"

"Zilikwenda na ile homa ya masika! Maji hayasaidii, Mize, nafa!"

Kazija akaruka ua.

"Tui! Mize, mmwagie tui!"

Bakuli zima la tui zito likamwagika kichwani kwa Jaribu. Wali wa siku ile uliliwa mkavu.

Moto ulipopoa kidogo, Mize akamgeukia shoga yake. Twende kilioni ile ile, kichwa kizima, hata jasho hana.

"Weye hukupaka?"

"Sijapaka mafuta haya tangu mfungo mosi, mwezi ule wa Idi," akasema Kazija. "Yote nampa mumeo. Kaja kwangu na kofia nimshonee ya kina kirefu, akaniapisha nisikwambie. Kaona zangu zilivyorudi baada ya homa, akataka yale yale."

"Na mimi mkewe? Fundi mwenyewe?"

Jaribu akafuta tui machoni.

"Harusi ile ya Mwanawema, umesahau? Nani alimwita Mzee Kificho kifuu kilichokunwa? Nani alisema mume mwenye upara hamtaki hata kwa shamba la karafuu? Watu walicheka mpaka wakakohoa. Mie nilikuwa barazani nasikia... nami ndiyo kwanza nimeona zimenyonyoka, zimebaki kwenye mto wa kulalia."

Mize akajifunika uso kwa kanga.

Mzee Kificho akakohoa kidogo. "Kifuu, Bi Mize, ndicho kinachochotea maji."

Watu wakaangua kicheko, na Mize akalia. Alimlilia Jaribu, akamlilia na Kazija, maana moto ule wa kichwani alikuwa kamwandalia yeye. Akayatoboa yote palepale, pilipili na bunda la kanga.

Kazija alimnunia mpaka mwezi ukaandama. Yataka moyo. Halafu jioni moja akaja na chanuo, akaketi mkekani, akampa kisogo. Mize akachukua mafuta, akayapaka kwanza mkononi mwake mwenyewe, Kazija aone. Ndipo akaanza.

Jaribu naye akawa anaoshwa kwa mkunazi pale pale uani, kichwa wazi, na mkewe hacheki. Kama ni mafuta, kama ni pilipili, Mola ndiye ajuaye, lakini katikati ya uwanja vikaanza kuchipua vinywele. Wanaume wa Kengeja wakaanza kugonga mlango wa nyuma, kofia machoni:

"Bi Mize... yale makali bado yapo?"

Wa kwanza alikuwa Mzee Kificho!

Basi ndugu zangu, mzaha unaowachekesha watu barazani unaweza kumfanya wa ndani mwako ajifiche hata kitandani. Akishajificha, wivu nao unaingia kutwanga, na hauchagui kichwa.

Mize alijifunza?

Alijifunza sana. Hata siku nywele za Jaribu zilipojaa, nyeusi, zimejikunja vizuri, na wanawake kisimani wakaanza kusema "Kumbe Jaribu mzuri hivi!"...

Mize alikwenda mwenyewe kuitafuta ile kofia, akaikung'uta vumbi, akamvika mumewe.

Mpaka masikioni.